Kwa Nini Tofali Linaita Ndalu Nyumbani

Nilikuwa na wiki mbili tu tangu nistaafu, napalilia sukuma wiki nikiwa nimevaa gambuti za kazi ambazo nilipaswa kuzirudisha, simu ikalia. Alikuwa Khadija, binti wa mjini aliyechukua meza yangu katika ofisi ya mifugo pale Bungoma.

"Daktari, hii mashine yenu ya njia, hii Tofali, iko na shida," akasema. "Nikibonyeza pale kwa kanyumba, pameandikwa Nyumbani, inataka kunipeleka Ndalu, kwa boma ya mtu. Na sisi tuko Bungoma. Nimeambiwa nifute niweke ofisi."

Nikamwambia asifute kitu.

"Kwa nini?"

"Ni hadithi ndefu."

"Basi si uandike, bana. Sasa uko na wakati."

Ni kweli niko na wakati, na sukuma wiki haihitaji mtu kuisimamia siku nzima. Basi naandika, kwa ajili ya Khadija na nyinyi wengine mliobaki na ng'ombe wa watu. Habari za vyeo nitaziacha. Vyeo vyangu vilikuwa vichache, na mshahara mnaujua kwa sababu ndio huo huo wenu. Nitaandika habari za kupotea njia, maana hapo nina ujuzi wa kutosha.

Nilianza kazi Kitale. Siku ya kwanza nilivaa viatu vyenye kisigino kidogo na sketi iliyopigwa pasi, nikiamini kwamba afisa wa mifugo ni mtu wa kukaa ofisini na kupiga mihuri. Mtu niliyekabidhiwa anifundishe aliitwa Mzee Shabani. Nyumba yake ilikuwa nyuma ya msikiti, Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kuliko chetu sote, na alikuwa ametibu ng'ombe tangu mimi nikiwa sijazaliwa. Alinitazama kuanzia kichwani, akafika miguuni, akabaki huko.

"Viatu hivyo ni vya kwenda kuposwa," akasema. "Kama hujaposwa leo, kesho njoo na gambuti."

Kesho yake nilikuja na gambuti. Alinipa pia kofia ya pikipiki iliyonuka dawa ya kupe, na kuanzia hapo kazi ikaanza.

Mwezi wa tatu Mzee Shabani alishikwa na malaria, nikatumwa peke yangu upande wa mlimani. Ng'ombe alikuwa anashindwa kuzaa. Maelekezo yalikuwa kama yalivyo maelekezo yetu siku zote: pita shule, ukifika pale mti mkubwa umeanguka kata kulia, kisha uliza kwa Wanjala. Nikapita shule. Mti nikautafuta hadi nikachoka. Baadaye niliambiwa walishaukata kuni wakamaliza. Nikaanza kuuliza kwa Wanjala. Wanjala walikuwa wanne, na kila mmoja alikuwa na ng'ombe, na wa kwanza alinizuia nusu saa akitaka nimtazamie mbuzi wake kwa kuwa nimeshafika.

Nilifika kwa Wanjala wa nne saa tisa alasiri. Ng'ombe alikuwa amekufa saa moja hivi kabla, na ndama ndani yake. Yule mzee hakunigombeza. Aliniita ndani, akaniambia ninywe chai kwanza kwa sababu nimetoka mbali. Chai ilikuwa ya rangi, na sote wawili tulijua kwa nini. Nyumba ile ilikuwa imengoja maziwa ya ng'ombe yule tangu alipokaushwa, yaani alipoachwa kukamuliwa ili azae. Niliinywa yote kwa adabu, nikaaga, nikapanda pikipiki, nikalia kutoka pale hadi Kitale. Naandika hivi bila aibu. Dawa nilikuwa nazo, mikono nilikuwa nayo, na elimu yangu ilitosha kabisa. Kilichomuua ng'ombe wa watu ni kwamba mimi sikujua nyumba.

Mzee Shabani alinisikiliza akiwa amejifunika blanketi mbili. Kisha akasema maneno ambayo nimeyatumia miaka yote.

"Usiulize mtu, uliza ng'ombe. Wanjala wamejaa tele. Ng'ombe mwekundu aliyekatika sikio, anayelia tangu asubuhi, ni mmoja tu, na kila mtoto njiani atakuonyesha."

Akanipa daftari. Tangu siku ile nikawa nachora ramani zangu mwenyewe: kinu cha kusagia mahindi, kanisa la bati, daraja la magogo, mbwa mkali. Nilijaza madaftari saba. Ubaya wake ni kwamba mvua ilikuwa inayafuta, na mtu mwingine hawezi kuyasoma. Nilipohamishiwa Bungoma niliyaacha Kitale kwa roho safi, na aliyenirithi akanipigia simu wiki iyo hiyo kuniuliza mbwa mkali yuko wapi, maana amefika hapo na mbwa hayupo. Nikamwambia mbwa naye hufa.

Miaka mingi baadaye, nikiwa Bungoma na nywele zikianza kubadilika, ofisi ililetewa mashine mbili za mkononi za kuonyesha njia kwa setilaiti. Zilikuwa za manjano, zimevikwa mpira, nzito, na unaweza kuziangusha kutoka juu ya pikipiki usiogope chochote ila kidole chako cha mguu. Tukaziita Tofali, ya kwanza na ya pili. Ya pili iliingia kwenye droo ya mkuu wetu na sijawahi kuiona tena, kwa hivyo nikisema Tofali mnajua ninasema lipi.

Tofali lilikuja tupu. Waliolileta walisema programu ya kuonyesha njia tuchague wenyewe kulingana na mazingira yetu. Mkutano ukaitishwa. Watu wakanyamaza, kama wanavyonyamaza kwenye mikutano ambayo chai haijaletwa. Mkuu akatutazama mmoja mmoja, akafika kwangu.

"Daktari Nanjala, kati yetu wote wewe ndiye umepotea sana. Chagua wewe."

Walicheka. Mimi nilifurahi, kwa kuwa nilikuwa nimeingoja kazi hiyo tangu ile chai ya rangi bila kujua kwamba naingoja. Nikaomba nipewe Barasa anisaidie.

Barasa alikuwa mwenzetu wa miaka thelathini na kitu, mrefu, mpole, mpenzi wa kila kitu chenye kioo na betri. Mikono yake ilikuwa mirefu hivi kwamba zile glavu za kuzalishia, ambazo kwangu zinafika begani, kwake ziliishia juu kidogo ya kiwiko. Bibi yake anaitwa Nasimiyu, na walikuwa wameoana karibu na Ndalu, kwao bibi. Muyashike hayo mawili, mikono na Ndalu.

Tulijaribu programu tatu, na kila mara tulikwenda Chwele siku ya soko. Barasa alitaka tujaribie kwenye uwanja wa ofisi. Nikamwambia ofisini hata mimi sipotei.

Programu ya kwanza ilikuwa ile ambayo kila mtu anayo kwenye simu. Barabarani ilikuwa hodari. Tuliijaribu pia kuelekea Webuye, ikajua kila kituo cha mafuta, kila duka, hata kinyozi. Lakini tulipotoka kwenye lami na mtandao ukatuaga, skrini ikageuka rangi ya uji, na katikati ya uji tukabaki sisi, kidoti cha buluu, bila barabara, bila mto, bila jirani. Ikatuambia tusubiri. Tulisubiri mpaka mwenye kuuza miwa akatuuliza kama tumeharibikiwa.

Ya pili ilikuwa ya kuongea. Ndani yake mlikuwa na mama mwenye sauti tamu na Kiingereza cha mbali. Barasa alimpenda papo hapo. "Huyu mama ako na heshima," akasema, "hata ukikosea anakwambia tu pole pole." Tukaingia naye Chwele, katikati ya mbuzi, makreti ya nyanya na bodaboda zilizobeba kuku vichwa chini. Mama akatuambia, mara tutakapopata nafasi, tugeuke. Mwanamke mmoja aliyekuwa ameketi nyuma ya kabichi zake akainua kichwa akamjibu.

"Mama, kugeuka utageukia wapi? Si unaona watu."

Mama hakusikia. Aliendelea kutuomba tugeuke mpaka saa sita, na saa sita chaji ikaisha, akanyamaza akiwa hajatufikisha. Nikamwuliza Barasa, sisi tunaokwenda kwenye boma za watu, je, tutakuwa tunaomba umeme kabla hatujaulizia habari ya watoto? Akakubali, lakini kwa huzuni. Nafikiri alimkumbuka yule mama siku kadhaa.

Ya tatu ilikuwa mbaya ya sura. Haikuongea. Ilikuwa na mistari myembamba, mshale, na tarakimu za umbali. Menyu yake ilikuwa ya Kiswahili, cha ajabu kidogo, lakini Kiswahili. Ramani unaipakua ukiwa ofisini, ukishatoka huhitaji mtandao wala bando. Na kumbe kuna watu waliojitolea, sijui wako wapi, Mungu awabariki, waliochora hata vijia vya miguu vya kwetu. Juu ya yote, uliweza kusimama mahali popote, ukabonyeza, ukaweka alama yako na kuipa jina utakalo. Nilipoona hivyo niliyakumbuka madaftari yangu saba. Hili lilikuwa daftari ambalo mvua haifuti na ambalo Khadija angeweza kulisoma.

"Daktari, hii ni kama saa ya ukutani," Barasa akalalamika. "Haina ladha."

"Sitaki ladha. Nataka kufika."

Nikaipima na kidole chenye povu la sabuni, kwa sababu kidole cha daktari wa ng'ombe ni kikavu siku ya Jumapili tu. Ikaitika. Tukaichagua. Nanyi mtakaochagua nyingine siku moja, maana hizi nazo huzeeka, msichagulie ofisini penye mtandao na kiti. Ipelekeni mahali pabaya kuliko pote mnapopajua, chaji ikiwa nusu na mikono michafu, halafu ndipo muulizane ladha.

Palikuwa na kitufe kimoja tulichobishania. Kilikuwa na picha ya kijumba, na chini yake pameandikwa Nyumbani. Ukikipa mahali, siku zote kitakurudisha hapo. Mimi nilitaka tuweke ofisi. Barasa akasema kitu kinachotumiwa na watu sita hakina nyumbani, na ofisi si nyumbani kwa mtu, labda kwa mlinzi. Tukakiacha wazi.

Baada ya hapo tukagawana maeneo ili tuweke alama za wafugaji wote tuliokuwa tunawahudumia. Sheria niliitunga mimi, na nilikuwa mkali. Mtu asimame mlangoni mwa zizi, si barabarani, si langoni. Angoje setilaiti zitulie. Abonyeze, aandike jina la mwenye boma na rangi ya ng'ombe. Upande wa Ndalu nikampa Barasa kwa sababu anaujua, si ndiko alikooa.

Hapo ndipo nilipokosea, na ni kosa ambalo mtu wa kutoka mbali asingeweza kulifanya wala kulielewa. Mimi ni binti wa Bungoma, mila hii nimelelewa nayo. Kwetu, mwanamume na mama wa bibi yake hawakutani uso kwa uso. Hawashikani mikono, hawaketi pamoja, hawatajani majina, na akimwona anakuja njiani, mmoja huingia kwenye mahindi mpaka mwenzake apite. Hakuna ugomvi hapo. Ni heshima, na ni nzito. Mimi mwenyewe nimeona mume wangu akiruka ua wa watu kwa ajili ya mama yangu. Lakini nikiwa na kalamu na orodha ya maeneo mkononi nilisahau kabisa kwamba kwenye orodha ya Ndalu alikuwamo Mama Nasimiyu, mamamkwe wa Barasa, mjane, mwenye ng'ombe mmoja.

Barasa hakusema kitu. Aliirudisha kazi imekamilika, alama zote zimo. Moja tu haikuwa na jina la mtu. Ilikuwa imeandikwa: Bati jekundu, ng'ombe mweusi. Niliiona, nikacheka, nikasema kijana amechoka kuandika.

Yakaja masika. Asubuhi moja, saa tatu, nikiwa Webuye nachanja ndama, simu ikaita. Alikuwa Mama Nasimiyu. Sauti yake ilikuwa chini, ya mtu anayejizuia.

"Daktari, ng'ombe yangu imeshindwa. Tangu alfajiri. Mguu moja ndio imetoka, na ile ingine siioni."

Ng'ombe huyo aliitwa Zawadi. Mama yake Zawadi alikuwa mmoja wa ng'ombe ambao Barasa alipeleka kwa mahari ya Nasimiyu. Wengine waliisha mmoja mmoja, kwa maradhi na kwa matanga, akabaki huyu binti yao. Maziwa yake ndiyo yaliyomlea yule mama na wajukuu wawili waliokaa naye, na ndiyo yaliyokuwa yamengojwa miezi miwili. Niliposikia habari hiyo, mdomoni nilisikia ladha ya ile chai ya Wanjala wa nne. Nikafunga mtungi wa chanjo, nikawasha pikipiki, nikashika barabara ya Kitale, kisha nikakata kuingia barabara ya udongo, Tofali likiwa limefungwa mbele yangu kwa mpira wa baiskeli.

Lilifanya kazi vizuri. Naliona mpaka leo. Kilomita sita, kilomita mbili, mita mia tatu. Mshale haukutetereka. Nikapita vijia ambavyo nisingethubutu kuvipita, nikatokea mwisho wa shamba la mahindi, na Tofali likaniambia nimefika.

Mbele yangu kulikuwa na mto. Kwa kawaida ni kijito, hata ramani haikukipa jina, lakini mvua ya wiki nzima ilikuwa imekijaza, maji mekundu yanabeba mabua. Ng'ambo yake, juu kidogo, niliona bati jekundu. Nikamwona na Mama Nasimiyu kando ya zizi, ameinua mikono yote miwili, ananiita. Nilikuwa karibu naye kiasi cha kuona rangi ya leso yake, na sikuwa na namna ya kumfikia.

Nikampigia Barasa. Siku hiyo alikuwa Chwele.

"Barasa, kwa bati jekundu, ulisimama wapi ukiweka alama?"

"Daktari, hapo ni kwa mamamkwe."

"Najua ni kwa mamamkwe wako. Nakuuliza ulisimama wapi."

"Ng'ambo," akasema. "Ng'ambo ya maji. Alikuwa amesimama kwa zizi. Ningeingia aje?"

Nilitaka kumkasirikia lakini hasira haikupata mahali pa kukaa, kwa sababu alikuwa amesema kweli. Angeingia aje? Nikamwambia ni Zawadi, amekwama, na mimi niko hapo alipokuwa yeye. Nikasikia pumzi yake ikibadilika.

"Rudi nyuma mpaka kwa kile kinu cha kusaga," akasema haraka. "Nyuma ya kinu kuna njia ya panya, inashuka kwa migomba. Huko chini kuna magogo matatu, hayajawahi kubebwa na maji. Acha pikipiki, vuka na miguu."

"Wewe umeijuaje hiyo, na ramani haina?"

"Daktari, si ni huko nilikuwa napitia nikitafuta bibi."

Nikaipata ile migomba, nikayapata magogo, nikavuka nikiwa nimeyakumbatia mabegi. Njiani nilimkuta mwanamke akichuma mboga, sikumuuliza kwa nani. Nilimuuliza ng'ombe mweusi anayelia yuko wapi, akanionyesha kwa kisu. Mzee Shabani alikuwa ameshatangulia mbele za haki, lakini nilimshukuru kwa sauti.

Zawadi alikuwa amelala ubavu, amechoka. Nikapaka sabuni, nikaingiza mkono. Mguu wa mbele mmoja ulikuwa nje, wa pili umekunjwa, na kichwa cha ndama kimegeuka nyuma, kimelalia mbavu zake mwenyewe. Nikabana katikati ya kwato. Mguu ukajivuta. Alikuwa hai. Nikaurudisha ndani kwa upole ili nipate nafasi, nikautafuta ule wa pili, nikaupata baada ya muda, nikaufunga kamba. Kichwa nikakigusa kwa ncha za vidole. Kukishika sikuweza. Bega langu la kulia lilikuwa limeshaharibiwa na miaka ya kazi hii hii, na mkono wangu ulikuwa mfupi kwa upana wa kiganja kimoja. Majirani wawili walikuja wakataka tuvute hivyo hivyo kwa nguvu. Nikawakataza. Ukivuta na kichwa kikiwa nyuma unawaua wote wawili.

Nilijaribu mpaka jasho likanifunga macho. Mama Nasimiyu alikuwa amepiga magoti kichwani pa ng'ombe, anampapasa shingo. Ilipokaribia saa sita akaacha kupapasa. Nilitazama alipokuwa anatazama.

Barasa alikuwa amesimama nje ya ua. Ametoka Chwele kwa mwendo ambao sikumuuliza. Matope yalimfika kiunoni, mkononi ameshika glavu, na uso ameugeuzia shambani, kama inavyopasa. Hakuingia. Angesimama pale mpaka jioni, najua, na angeumia, na asingeingia.

Mama Nasimiyu akainuka. Akajifunika leso kichwani, akatembea hadi jikoni kwake, nyumba ndogo ya udongo hatua tano kutoka zizini, akaingia, akafunga mlango. Kisha sauti yake ikatoka ukutani.

"Daktari."

"Naam, mama."

"Mwambie huyo aingie. Mwambie mimi siko."

Barasa akaingia, akavua shati, akalala chini kwenye matope nyuma ya Zawadi. Mkono ukaenda, ukaenda, mpaka nikafikiri utatokea mdomoni mwa ng'ombe.

"Daktari, sema nimefika kwa kichwa," akasema, ameutazama ukuta wa zizi.

"Amefika kwenye kichwa, mama."

"Muulize ameshika wapi. Kama ni sikio aachilie, ashike taya."

"Sema ni taya nimeshika."

"Mwambie angoje isukume. Asilete nguvu yake, afuate ya ng'ombe."

Hivyo ndivyo tulivyokwenda. Walikuwa karibu kiasi kwamba kila mmoja alimsikia mwenzake akipumua, na kila neno lilipitia kwangu. Yule mama alijua ng'ombe, si mchezo. Alikuwa akiyaona yote kupitia udongo wa ukuta. Kichwa kikaja. Nikafunga kamba ya pili. Zawadi akasukuma, tukavuta kuelekea chini, pamoja naye, tukapumzika, tukavuta. Ndama akateleza nje mzima kwa mara moja, akaanguka kifuani pa Barasa.

Hakupumua. Barasa akamfuta pua, mimi nikaingiza unyasi puani, tukamsugua kwa gunia. Nikaendelea na unyasi. Niliomba Mungu waziwazi, kwa Kibukusu. Ndama akapiga chafya. Akatikisa kichwa, akapiga nyingine.

"Muulize ni nini," sauti ikasema.

"Sema ni jike," Barasa akajibu.

Nilisikia sufuria ikianguka, kisha nikamsikia Mama Nasimiyu analia, polepole, mlango ukiwa bado umefungwa. Barasa alibaki matopeni na ndama mapajani, machozi yanamtoka naye, na wala hakujifuta. Mimi nilikuwa nalia tangu ile chafya.

Alipomaliza kuosha mikono, nikafungua begi nikatoa Tofali, nikampa.

"Sasa simama pale unapofaa kusimama."

Akasimama mlangoni mwa zizi. Setilaiti zikachukua muda wake kutulia, na sisi tukangoja.

"Muulize mbona amesimama tu hapo," sauti ikasema.

"Anaweka alama, mama. Ili hata daktari mgeni akiitwa afike hapa hapa, asiishie ng'ambo."

"Ameandika nini?"

Barasa akanitazama. Jina la mamamkwe wake hangeweza kuliandika. Bati jekundu aliona haya kulirudia, mwenye bati akiwa anasikiliza.

"Bado hajaandika, mama."

"Mwambie aandike ni nyumbani."

Sikuhitaji kumfikishia. Barasa alisimama na kidole hewani. Kisha akaifuta ile alama ya ng'ambo, akaenda kwenye kile kijumba tulichokiacha wazi, akakibonyeza. Tofali likamuuliza kama ana hakika. Alilitazama swali hilo muda mrefu kuliko linavyohitaji. Akabonyeza Ndiyo, akanirudishia, akachukua shati lake, akatoka kwa kupitia ua ule ule, na hakugeuka nyuma.

Alipokwisha kuvuka magogo, mlango wa jikoni ukafunguka. Mama Nasimiyu akaja na vikombe viwili, tukaketi juu ya gunia karibu na Zawadi, ambaye alikuwa anamramba mwanawe. Chai ilikuwa ya rangi.

"Ni hiyo tu iko, daktari," akasema. "Maziwa iko njiani."

Nimekunywa chai nyingi kwenye boma za watu, nyingine nzito kwa maziwa hadi kijiko kinasimama. Hakuna niliyoifurahia kama hiyo.

Kwa hivyo usifute, Khadija. Ofisi ina bango kubwa pale barabarani, hata mimi sijawahi kupotea nikienda huko.